Maji ya Moto na Baridi ya Mau

Hamamu ni nyumba ya umma ya kuogea ambayo mtu haiendei kwa ajili ya kutoa vumbi tu. Huiendea akae. Huvua nguo katika chumba cha nje, huingia cha uvuguvugu, kisha cha joto kali, husuguliwa mgongo, hujimwagia maji baridi, na mwishowe huketi amejifunga shuka, akipiga soga na watu asiowajua. Anayeoga mbiombio hamamuni amepoteza kiingilio chake.

Katika Afrika Mashariki hamamu inayojulikana zaidi ni ile ya Mji Mkongwe wa Unguja. Iliagizwa na Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na ujenzi wake ukasimamiwa na Haji Gulamhussein. Maji ya moto yalipitishwa kwenye mifereji chini ya sakafu, yakapasha chumba kikuu. Palikuwa na mabwawa ya maji baridi, vyoo na mahali pa kunyolea. Mtaa mzima ukaja kuitwa Hamamni, na jina hilo limedumu kuliko maji yenyewe: huduma ilikoma mwaka 1920, na leo mgeni hulipa kuona vyumba vikavu.

Awali, mwaka 1850, Seyyid Said, baba yake Barghash, alikuwa amejenga bafu huko Kidichi, nje ya mji, kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Bafu za Kidichi zilikuwa za watu wa ikulu. Za mjini zilikuwa za yeyote mwenye ada mkononi, na tofauti hiyo si ndogo.

Bara hapakuwa na sultani wa kujenga hamamu, lakini ardhi yenyewe ilichemsha maji. Kitagata, magharibi mwa Uganda, kuna chemchemi mbili za moto zilizo jirani. Moja ilikuwa ya Mugabe, mfalme wa Ankole. Nyingine wenyeji huiita Mulago, jina la hospitali kuu ya Kampala, kwa sababu wenye maumivu ya viungo hukaa humo wakitarajia nafuu. Huko nako mgawanyo ni uleule wa Unguja, ikulu na umma, ila hakuna ukuta wala mlinzi wa mlangoni.

Katika Bonde la Ufa upande wa Kenya, joto hilo liligeuzwa umeme kabla ya kugeuzwa bafu. Kituo cha Olkaria, karibu na Naivasha, kilianza kuzalisha umeme mwaka 1981. Visima vyake hutoa mvuke uliochanganyika na maji; mvuke hutenganishwa ukazungushe mitambo, na maji hubaki yakiwa bado ya moto na yamejaa madini. Kutokana na maji hayo kampuni ya KenGen ilitengeneza mabwawa ya kuogelea ndani ya hifadhi ya Hell's Gate. Yana rangi ya samawati iliyofifia, inayotokana na silika, na harufu ya kiberiti ambayo pua huizoea baada ya dakika chache. Hupozwa hadi nyuzi joto 30 hadi 40, kiasi cha mtu kukaa humo akasahau saa. Pembeni kuna chumba cha mvuke.

Mau Narok haiko mbali na mabwawa hayo. Ni mji wa wakulima wa viazi, ngano, shayiri na pareto, juu ya mita 2,500, ambako baridi kali ya usiku huunguza majani ya viazi. Kuoga huko ni shughuli ya kupangiwa: kuni, sufuria, beseni, bafu la mabati nyuma ya nyumba, na kasi. Maji hupoa kabla sabuni haijaisha mwilini.

Wapo watakaosema kwamba mkulima wa Mau hana nafasi ya kulowa majini mchana kutwa, na kwamba mambo hayo ni ya watalii na watu wa Nairobi. Hoja hiyo ina kosa la msingi. Hamamu haikuwahi kubuniwa kwa ajili ya wasio na kazi. Ilikuwa na maana zaidi kwa asiye na maji ya moto kwake, na mgongo ulioinama shambani tangu alfajiri ndio unaolihitaji joto. Huyohuyo anayedai hana nafasi hukaa nusu siku mjini siku ya soko akingoja matatu ijae. Kizuizi halisi ni lango. Anayekwenda kuoga Olkaria hulipa ada ya hifadhi ya wanyama, kisha hulipa kiingilio cha bwawa, mbali na nauli ya kushuka Njoro, kupita Nakuru na kufika Naivasha. Kwa familia ya watu watano, hilo si bafu la umma tena. Ni Kidichi.

Na joto liko karibu zaidi ya hapo. Menengai, volkano iliyo kando kabisa ya Nakuru, ilianza kuchimbwa visima vya mvuke mwaka 2011 na shirika la serikali la GDC. Baadaye shirika hilo likaonyesha matumizi mengine ya joto hilo kwa miradi minne ya majaribio: kupasha maziwa joto ili kuua vijidudu, kupasha joto kivungulio cha mboga, kupasha mabwawa ya samaki, na kufua nguo. Katika orodha hiyo ya kwanza, perege walipata maji ya uvuguvugu na mashuka yakapata maji ya moto. Bafu la watu halikuwamo.