Haki ya Mbwa Aliyezeeka

Twataka kuuliza neno moja: mbwa aliyekwisha zeeka, asiyeweza tena kulinda shamba, je, ana haki yo yote kwetu?

Katika bonde la Kilombero, tangu Ifakara hata vijiji vilivyo chini ya milima ya Udzungwa, mbwa ni mlinzi wa mpunga. Hukaa pamoja na bwana wake penye dungu, akifukuza nguruwe mwitu usiku na nyani mchana. Lakini akifikisha miaka 7 au 8, viungo vyake huanza kukakamaa, na pumzi hupungua. Hapo wengine humfunga kamba mchana kutwa, wakisema wampumzisha. Na wengine humkokota kwenda shamba kama zamani. Wote wamdhulumu. Asiyetembea, misuli yake hunyauka na viungo huzidi kukaza. Naye alazimishwaye huumia.

Iko njia ya katikati. Na atembezwe alfajiri na jioni, kitambo kidogo kidogo, badala ya safari moja ndefu. Maana mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Hupoa hasa kwa kutweta, na joto la bonde hili laweza kumwua. Apitishwe penye udongo laini au majani, si juu ya lami iliyochomwa na jua. Kuogelea huvipa viungo nafuu, lakini mto Kilombero una mamba. Basi asiingizwe mtoni. Apewe maji safi. Akichechemea, akibaki nyuma, au akiketi njiani, yatupasa kusimama. Kesho yake akiamka kwa taabu zaidi, tupunguze mwendo. Na maumivu yasipokwisha, aitwe bwana mifugo.

Labda mtu atasema, "Kuna faida gani kumtunza asiyefaa kitu?" Twajibu hivi: wazee husema fadhila ya punda ni mateke, lakini mbwa huyu alitulindia chakula, na wenye kupiga mateke ni sisi. Tena, kama thamani ya kiumbe ni kazi yake tu, basi siku kazi ikomapo thamani nayo imekoma. Nasi sote twaiendea siku hiyo.

Watoto wetu watutazama. Ajifunzaye leo kuufuata mwendo wa mbwa mzee, hatashindwa kesho kumngojea babu yake njiani.