Dhambi Isiyo na Mwenyewe

Kampuni haina dhamiri, wala haina mbavu za kulalia sakafu ya gereza. Hata hivyo udanganyifu mkubwa wa kibiashara ukifichuka, tunaambiwa kampuni ndiyo iliyokosa, na kampuni italipa faini. Faini hiyo hutoka katika fedha za wenye hisa. Aliyeisuka hila anabaki na nyumba yake na heshima yake.

Tukumbuke yaliyotokea Houston, Marekani, mwaka 2001. Kampuni ya nishati ya Enron ilikuwa imeyaficha madeni yake ndani ya kampuni za pembeni alizoziunda mkuu wake wa fedha, Andrew Fastow. Septemba ya mwaka huo mwenyekiti, Kenneth Lay, aliwahakikishia wafanyakazi kwamba kununua hisa wakati ule ni bahati, ilhali miezi ile ile yeye alikuwa akiziuza zake. Nao walimwamini. Akiba ya uzeeni ya wengi wao ilikuwa katika hisa hizo hizo, na bei ilipoporomoka, mfuko ulifungwa kwa siku kadhaa ili kubadilisha msimamizi. Aliyetaka kuuza hakuweza. Hisa iliyofikia dola 90 mwaka 2000 ikashuka chini ya dola 1.

Safari hiyo sheria haikuridhika na faini. Fastow alikiri, akahukumiwa miaka 6. Jeffrey Skilling, aliyekuwa mtendaji mkuu, alipewa miaka 24, baadaye ikapunguzwa hadi 14. Lay alitiwa hatiani mwaka 2006, akafariki kabla ya kusomewa adhabu. Yeye na Skilling walikana kwamba walijua uovu wowote, lakini jaji alilieleza baraza la wazee wa mahakama kuwa kufumba macho makusudi kwaweza kuhesabiwa ni kujua. Nadhani hapo ndipo haki ilipoigusa nia ya mtu.

Tusidhulumu, lakini. Mwenye kuthubutu akala hasara, hesabu zake ziko wazi, hana kosa la jinai, na kumtia pingu ni uonevu. Kosa ni kuficha. Ndiyo maana sheria ya Marekani ya Sarbanes-Oxley ya mwaka 2002 iliwataka mtendaji mkuu na mkuu wa fedha waweke sahihi zao wenyewe chini ya hesabu. Anayethibitisha uongo kwa makusudi aweza kufungwa hadi miaka 20.

Na sisi je? Mwizi wa kuku tunampiga hadharani. Mwajiri anayewakata wafanyakazi michango ya hifadhi ya jamii kila mwezi, asiipeleke kwenye mfuko, tunamkaribisha harambee, tunamketisha mbele, tunampigia makofi. Makofi hayo yamemwondolea haya. Akija tena na bahasha, tumuulize kwanza kama michango imefika. Kama haijafika, tumrudishie bahasha yake pale pale, mbele ya watu.