Maneno Yaliyotundikwa Ukutani



Siku hizi ni nadra kuingia katika benki, kampuni au ofisi ya umma, iwe Tanga mjini, Muheza au Korogwe, usikute ubao wenye Dira, Dhamira na Maadili ya Msingi. Twasoma: uadilifu, weledi, ubunifu, uwajibikaji, kumjali mteja. Yote ni maneno mazuri. Je, ni dhambi kuandika neno zuri tusilokusudia kulitenda? Wengi husema, “Ni maneno tu, hayamdhuru mtu.” Mimi sikubali.

Tukumbuke mwaka 1919. Gavana Northey wa Kenya aliwapelekea maofisa wake waraka, wawahimize Waafrika kwa kila njia halali waende kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. “Kuhimiza” ni neno la upole. Lakini majina ya wazee wasiosaidia yalitakiwa yaandikwe na kupelekwa kwa Gavana. Basi himizo hilo lilipofika kijijini likawa amri. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, aliyefariki huku kwetu Hegongo mwaka 1924, hakudanganyika na upole huo. Mwaka 1920 alichapa kijitabu akipinga kazi ya kushurutishwa kuwa ni kinyume cha Ukristo. Mwaka 1921 serikali ya London iliwakataza maofisa kuwatafutia walowezi vibarua. Twaona basi kwamba neno zuri laweza kufunika tendo baya, na anayeumia ni mnyonge.

Hata hivyo, si kila neno la kutangazwa ni tupu. Wazee wenzangu wanaikumbuka kampeni ya “Mtu ni Afya” ya mwaka 1973. Chini ya maneno hayo matatu yalikuwako mambo ya kutenda: chimba choo, fukia madimbwi, chemsha maji ya kunywa. Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakashika majembe. Kila jirani aliweza kutazama uani kwa mwenzake akaona kama choo kipo au hakipo.

Hapo ndipo penye tofauti. Ahadi ya kweli humtaja mtendaji, tendo, na mwenye haki ya kudai. “Tunamjali mteja” haimtaji mtu yeyote. Mjane aliyekaa kwenye benchi tangu asubuhi atamdai nani? Lakini ikiandikwa, “Barua yako itajibiwa katika siku 7,” hilo ni deni, naye aweza kulidai.

Wala tusiwanyoshee kidole wenye ofisi peke yao. Mtume Yakobo aliwakemea waumini wanaomwaga ndugu mwenye njaa kwa maneno ya baraka, wasimpe chakula. Sisi nasi, tukiandika katika mipango ya parishi kwamba tutawatunza wagonjwa na wazee, yatupasa tuongeze chini yake: nani atakwenda, kwa nani, na siku gani. Tusipoweza kuandika hayo, heri tuiache karatasi tupu, kwa maana karatasi tupu haimdanganyi mtu.

Ahadi ni deni, wapendwa, na Mungu ndiye shahidi wa kila tunachoahidi.