Mwenye Nyumba, Mpangaji na Waya wa Kijani

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote kuhusu umeme, kuanzia Kahama mjini mpaka Katoro, hutoka kwa wapangaji: kwa nini friji inanipiga shoti nikiwa peku, lakini nikivaa ndala hainipigi? Jibu wanalopewa na mwenye nyumba, au na kijana aliyetandaza nyaya, huwa fupi. "Basi vaa ndala, dada." Na watu wamezoea. Kuna vibanda vya vinywaji ambako jozi ya ndala hukaa mbele ya friji muda wote, avae yeyote anayetaka soda. Mtoto mgeni akifika anaonywa asiguse mlango wa friji kama anavyoonywa kuhusu mbwa mkali wa jirani.

Jibu la kweli ni kwamba umeme umekwisha kutoka kwenye njia yake. Ndani ya friji kuna waya uliochubuka au injini iliyoingia unyevu, na umeme umehamia kwenye bati la nje, unatafuta pa kushukia ardhini. Nyumba ingekuwa na waya wa eathi, ule wa kijani au wa kijani na njano, umeme huo ungepita humo na breka ingekatika. Waya huo usipokuwepo, au ukiwepo lakini mwisho wake unaning'inia hewani ndani ya soketi, njia inayobaki ni mwili wa anayefungua mlango. Ndala inapunguza tu. Siku sakafu imetoka kudekiwa, au ndala zenyewe zimelowa, hazitasaidia.

Hapo mtu huuliza, na ni swali la haki: si kuna breka? Breka ipo, ila haikuwekwa kwa ajili ya mtu. Umeme wa nyumbani ni wa volti 230, na ukipita kwenye mwili uliolowa hauzidi sana robo ya ampea. Breka ya soketi ya ampea 32 haiwezi hata kuhisi kiasi hicho. Mwili unahisi. Kuanzia miliampea 10 hivi misuli ya mkono hujikaza, aliyeshika hawezi kuachia. Zikifika 50 au 100 kupitia kifuani, moyo hupoteza mapigo yake. Kazi ya breka ni kulinda waya usiungue. Kinachomlinda mtu ni kifaa kingine ambacho mafundi hukiita RCD. Hupima umeme unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30 hukata ndani ya theluthi moja ya sekunde. Nyumba nyingi za kupanga nilizoingia huku kwetu hazina kifaa hicho, na wapangaji hawajawahi kukisikia.

Ningeweza kuishia hapo, makala ikawa ya mafunzo. Lakini naamini tatizo letu halijaanza na kutojua. Limeanza na jambo gumu zaidi kulisema: anayeamua kuhusu eathi si yeye anayeshika bati. Mwenye nyumba ndiye anayeamua, naye anakaa mtaa mwingine, pengine mji mwingine. Anaona taa zinawaka, feni inazunguka, LUKU inasoma. Eathi haiwashi kitu. Akiambiwa apunguze gharama, hiyo ndiyo inayopunguzwa kwanza, na hakuna atakayejua mpaka siku ya tukio.

Ardhi yetu yenyewe inawashawishi mafundi kulipua kazi. Sehemu kubwa ya Shinyanga na Geita ina mawe ya itale karibu na uso wa ardhi. Unapiga fimbo ya eathi nusu yake, inagoma. Fundi mwaminifu atahama, achimbe pengine, au afunge fimbo mbili pamoja. Asiye mwaminifu atachukua msumeno, akate kilichobaki juu, afukie, alipwe. Kwenye mbuga, udongo mweusi hupokea fimbo vizuri wakati wa masika, lakini kiangazi udongo huo hupasuka na kukauka, na eathi iliyokuwa nzuri mwezi wa tatu inakuwa dhaifu mwezi wa tisa. Mafundi wa zamani hufukia mkaa na chumvi kuzunguka fimbo na kuzimwagia maji mara kwa mara. Wanaijua ardhi hii. Wanaowafuata wengi ni vishoka, wasio na leseni ya EWURA, wanaofika na testa mfukoni wakidhani testa ikiwaka basi nyumba ni salama. Testa inakuambia umeme upo. Haikuambii kama eathi ipo.

Sikatai kwamba mengi yamefanyika. Umeme umefikishwa katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara, na mwanakijiji anaunganishiwa kwa Sh27,000. Nimeona kinu cha kusaga kikianza kazi mahali ambapo akina mama walikuwa wakibeba mahindi kichwani kwa saa nzima. Ni jambo kubwa na ninalifurahia kwa moyo wote. Ila hiyo 27,000 inaishia kwenye mita. Kutandaza nyaya ndani ni juu ya mwenye nyumba, na huko gharama hupanda, na ndiko waya mwembamba wa taa, wa milimita 1.5, unakofungwa kwenye soketi ya jiko la umeme badala ya ule mnene unaolihitaji. Nyumba hiyo ikiungua tutasema ni "hitilafu ya umeme", kana kwamba umeme ulijiamulia.

Wachimbaji wetu wadogo wana desturi moja ninayoiheshimu sana. Katika duara, yaani shimo la kuchimba, wanaoshuka ndio wanaokagua matimba, ile miti inayozuia kuta zisibomoke. Mtu hashuki kwa sababu bosi kasema ni salama. Anashika mti, anaupiga, anausikiliza, anamwita mwenzake. Anayekagua na anayeweza kufukiwa ni mtu mmoja. Sasa toka hapo duarani, nenda mita chache tu kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Mota ya fezi tatu, volti 400 kati ya waya na waya, chini tope, vijana wako peku au na kandambili zilizotoboka, waya umelazwa juu ya mawe na kiungo chake kimefungwa nailoni. Kijana yule yule aliyekagua matimba asubuhi hamuulizi mwenye karasha chochote. Umeme hauonekani kwa macho, na mashine si yake, na akiuliza sana kuna wengine kumi wanaosubiri kazi.

Kwenye migodi mikubwa ya ukanda huu hali ni tofauti, na tofauti yenyewe ni ya bei nafuu: kufuli. Fundi akitaka kufungua mtambo anazima swichi, anaifunga kwa kufuli yake mwenyewe, anaweka kibao chenye jina lake, na ufunguo unakaa mfukoni mwake. Wakiwa watano, kufuli tano. Meneja mwenyewe hawezi kuwasha mpaka wa mwisho atoe ya kwake. Vijana wetu wamefanya kazi Geita na Bulyanhulu kwa utaratibu huo miaka na miaka. Ninachokipenda hapo ni kwamba uhai wa mtu haukuachwa kwenye kumbukumbu ya mwingine, wala kwenye huruma yake. Nyumbani fundi anapanda ngazi na kumwambia mtoto, "Angalia mtu asiwashe." Mtoto anaitwa dukani.

Radi nayo inaingia humu humu, ingawa wengi huitenga. Tarehe 17 Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi sita wa Shule ya Msingi Emaco Vision mjini Geita. Tarehe 27 Januari 2025 ikaua saba wa Shule ya Sekondari Businda wilayani Bukombe, mkoa ule ule. Simlaumu mtu yeyote kwa misiba hiyo. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Kinachoniuma ni mazungumzo ya baada ya mazishi. Tunauliza radi imetumwa na nani. Bibi zetu walifunika vioo na kuvua nguo nyekundu mvua ikinyesha, na sitawacheka, kwa sababu walikuwa wanatafuta kuwakinga watoto kwa walichokuwa nacho. Sisi tuna kinga radi: ncha ya chuma juu ya paa, ukanda wa shaba ukutani, na fimbo zilizozama ardhini. Nayo hufa kwa ugonjwa ule ule, sehemu ya ardhini ikifanywa nusu nusu. Mwanafunzi hayumo kwenye kikao kinachoamua kama inunuliwe mwaka huu au mwaka kesho.

Niseme na la huduma ya kwanza, maana ninaulizwa pia. Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini, mguseni. Asipopumua, aanze kukandamizwa kifua pale pale, msimzike kwenye mchanga wala msimnyweshe maziwa. Aliyeshikwa na umeme wa nyumbani ni tofauti: usimguse kabla hujazima swichi kuu, na ikishindikana msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama pakavu. Moto ukiwaka, Zimamoto ni 114.

Kwa mpangaji, nguvu yako kubwa ni ile siku moja kabla hujahesabu kodi ya miezi sita. Baada ya hapo utaambiwa uvae ndala. Siku hiyo omba uoneshwe fimbo ya eathi imepigwa wapi. Omba kuoneshwa RCD, ubonyeze kitufe chake cha majaribio. Kisipokata, hakifanyi kazi. Hutakuwa umemkosea adabu mtu.

Na wewe mwenye nyumba, mwenye saluni, mwenye karasha, ambaye huenda ni kaka yangu au jirani yangu: tafuta fundi mwenye leseni, aje na mita ya kupimia eathi, si testa. Mwite mwezi wa Septemba, mvua hazijaanza na udongo umekauka kabisa, kwa sababu eathi inayotosha wakati huo itatosha mwaka mzima. Na siku anapopima, waite na wanaoshika hayo mabati, wasimame hapo, wasomewe namba.