Wakili wa Mjane na Yatima



Kaburi halijakauka, jamaa wamekwisha kuchukua ufunguo wa nyumba. Mjane yuko nje na watoto. Muogopeni Allah! Suratu Nnisaa imewaonya kwa moto wanaokula mali ya yatima kwa dhuluma. Nayo sheria ya familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, inamlinda mjane.

Mama asiye na franga asikate tamaa. Sheria ya mawakili ya 1979 inataka mawakili waweke ofisi ya kuwashauri maskini bure. Sisi wa Nyangwe tuchange nauli, tumfikishe. Wakili anayemsimamia bila malipo ametoa sadaka ya elimu yake.

Nawe shemeji, rudisha ufunguo leo, kabla ya Alasiri.

Wabillahi tawfiq.