Asubuhi ni ya Nani?

Kisiwani Pemba watoto wamekuwa wengi kuliko madarasa. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilikuta wakaaji 406,000 na zaidi; ile ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya 543,000. Ndiyo maana skuli nyingi zimezoea mikondo miwili: kundi moja husoma asubuhi, jingine huingia mchana katika vyumba vile vile. Serikali inajenga skuli za ghorofa ili kuipunguza desturi hiyo, nasi twaipongeza. Lakini mtoto hukua upesi kuliko ukuta.

Basi lazuka swali. Mwenye jengo linalokaa tupu kwa saa kadhaa, iwe ni parokia, skuli ya binafsi au chuo cha Kurani, aweza kulitia kufuli huku watoto wa jirani wakibanana?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba mtu ana haki ya kuwa na mali na kuitunza, ila katika kuitumia asiihesabu kuwa yake peke yake, bali awe tayari kuwashirikisha wenye haja. Kwa hiyo kufungua mlango si hisani tu, ni wajibu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao, katika Tamko lake la mwaka 1965 juu ya elimu ya Kikristo, ulihimiza skuli za Kikatoliki zishirikiane na skuli nyingine.

Wako watakaotukumbusha mwaka 1964, Serikali ya Mapinduzi ilipozitwaa skuli za mashirika ya dini katika Zanzibar. Watauliza: leo tuazime, kesho tunyang'anywe? Hofu hiyo si ya kipuuzi. Dawa yake ni mapatano yaliyoandikwa: muda ni upi, nani afagie, nani atengeneze dawati lililovunjika. Kadhalika, kwa kuwa watoto walio wengi hapa ni Waislamu, saa zao za chuo ziheshimiwe. Mwenyeji asitakiwe kuificha imani yake, wala mgeni asitakiwe kuipokea.

Lakini liko jambo zito zaidi, nalo husahauliwa. Saa hazilingani. Mtoto wa asubuhi hukuta ubaridi, na akili yake ni mpya. Wa mchana hukuta bati limekwisha kupata moto, naye amekwisha kuchoka; pengine hata tumbo ni tupu. Mwenye jengo akijiwekea asubuhi daima na kumwachia jirani mchana, amegawa makombo akayaita chakula.

Twasema basi: wapokezane. Muhula huu hawa waingie asubuhi, muhula ujao wale; na wadogo kabisa, wa pande zote mbili, wasome asubuhi siku zote. Wazazi walipao ada watanung'unika. Twawajibu kwamba ada hulipia mafundisho. Haimnunulii mtoto wao asubuhi zote za mwaka.

Atoaye chumba ametoa mali. Atoaye asubuhi ametoa sehemu ya mwanawe mwenyewe, na hapo ndipo ujirani unapopimwa.