Chatu wa Tumboni, Nyoka wa Mgongoni

Mwaka 1934 msomi Mwingereza, Godfrey Wilson, alifika Unyakyusa kuchunguza maisha ya wenyeji. Mwaka uliofuata mkewe Monica, mzaliwa wa Afrika Kusini, akaungana naye, wakafanya kazi hadi 1938 kati ya watu wa milimani Rungwe na wa bondeni Kyela, pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Katika waliyoyaandika, limo jambo moja ambalo mwalimu wa yoga ya Tantra angelisikiliza kwa makini. Wanyakyusa waliamini kuwa nguvu isiyoonekana hukaa mwilini kwa umbo la chatu. Mchawi ana chatu tumboni, aliyemrithi kwa wazazi. Watetezi wa kijiji, walioitwa abamanga, nao wana nguvu hiyohiyo, ila wao huitumia usiku, ndotoni, kupigana na wachawi.

Tantra ya India nayo ina nyoka wake. Anaitwa kundalini, na amelala akijiviringisha chini ya uti wa mgongo. Mazoezi ya mwili, pumzi na mantra, yaani maneno matakatifu ya kurudiwarudiwa, humwamsha, akapanda kituo kwa kituo hadi utosini. Wasomaji wengi wa Ulaya walizipata habari zake kwa kitabu cha mwaka 1919 cha John Woodroffe, jaji wa Mahakama Kuu ya Calcutta, aliyekitoa kwa jina la kubuni la Arthur Avalon. Hakuna sababu ya kudhani Kyela iliiga India, wala India Kyela. Lakini nyoka hawa wawili wakiwekwa pamoja, swali linajitokeza lenyewe: nguvu iliyomo mwilini mwa mtu ni mali ya nani?

Kwanza jina la Tantra lisafishwe kidogo. Ulaya na Marekani linauzwa kama somo la chumbani. Maandiko yenyewe, ambayo yalianza kuenea India karne ya 5 na ya 6 hivi, hushughulika zaidi na mantra, ibada, na mwalimu kumpokea mwanafunzi. Habari za kujamiiana zimo, tena katika baadhi ya madhehebu, wala si kiini. Jambo zito ni kwamba Tantra iliuona mwili kuwa njia ya kumfikia Mungu, wakati watawa wengi waliuona kuwa kizuizi.

Kwa maisha ya kila siku, mfano mzuri wa Tantra ni Ananda Marga, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1955 mjini Jamalpur, jimbo la Bihar, na Prabhat Ranjan Sarkar, karani wa hesabu wa shirika la reli. Mfuasi hutafakari mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kabla ya kula. Hujimwagia maji usoni, mikononi na miguuni, namna ambayo Mwislamu ataifananisha na udhu. Kisha hukaa, hunyoosha mgongo, hufumba macho, na kuirudia moyoni mantra aliyopewa na mwalimu, ikifuatana na pumzi. Mwalimu hatozi ada. Siku ya 11 baada ya mwezi kuandama, na ya 11 baada ya mwezi mpevu, mfuasi hufunga bila chakula wala maji. Nyama, samaki na mayai hali. Hata kitunguu! Kukaa kimya asubuhi huenda kukawezekana. Wali wa Kyela bila mbasa wala kitunguu ni mtihani mwingine.

Pumzi ina nafasi kubwa Unyakyusa pia, lakini huko haikuwa ya mtu peke yake. Akina Wilson walieleza imani ya pumzi ya watu: mtu akiwadharau wazazi au akiwanyima majirani karamu ya msiba, wao hunung'unika, na pumzi yao ya baridi humwangusha kwa homa. Dawa yake haikuwa kujitenga na kutafakari. Ndugu waliitwa, aliyekasirika akasema hasira yake waziwazi, kisha akapuliza maji kutoka kinywani kuonyesha kuwa kifua kimetua. Tambiko lililofanywa huku mtu ameficha kinyongo lilihesabiwa kuwa bure.

Hapa ndipo mizani inapoelemea upande wa Kyela. Nyoka wa Tantra hupanda mgongoni mwa mtu mmoja, aliyefumba macho. Chatu wa bondeni alikuwa chini ya macho ya kijiji kizima, na kilichomtenga mtetezi na mchawi ni iwapo anaitumia nguvu hiyo kwa ajili ya majirani au dhidi yao. Sarkar hakulipuuza hilo: alitanguliza maadili, la kwanza likiwa kutodhuru kiumbe, akaagiza huduma kwa wenye shida na tafakuri ya pamoja kila wiki. Hata hivyo, mtu anaweza kutimiza vipindi vyake vyote viwili huku hasemezani na jirani kwa sababu ya mpaka wa shamba la mpunga, na hakuna wa kumzuia asiketi.

Ukimya wa mtu mmoja unaweza kuunganishwa na wenzake. Wamisionari Wakristo wa Moravian, waliofika Rungwe mwaka 1891, walikuja na mazoea ya kila siku yaliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728: andiko moja kwa kila siku, ambalo toka 1731 huchapishwa kitabuni kwa mwaka mzima. Mtu hulisoma hata akiwa peke yake, ila siku hiyohiyo wenzake wa mbali wanasoma hilohilo. Tena kanisa lao lilikuwa na desturi ya zamani: kabla ya Meza ya Bwana, kila mshirika alizungumza na wazee kuhusu hali ya moyo wake, na aliyekuwa na ugomvi alitakiwa kuumaliza kwanza.